Bomba Moja, Farasi Watatu

Kila asubuhi, watu wa mtaa wakiwa bado wanapiga mswaki, gari la mikate lilikuwa limeshapita. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao juu ya magurudumu mawili ya mpira, limepakwa rangi nyeupe. Mbele yake alitembea farasi jike mwekundu aliyeitwa Shaba. Aliyeshika hatamu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamsha hata jirani wa nyumba ya tatu. Wateja walimwita Mama Mikate, na jina hilo likamganda.

Mama Mikate alijivunia kazi yake na wala hakuficha. Katika mji mzima hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha gari la farasi. Shaba alizaliwa mikononi mwake. Alimfundisha kuvaa lijamu, kusimama kwenye kona na kutoogopa honi za malori. Mtu akimsifia mtoto wake, Mama Mikate alishukuru. Akimsifia Shaba, alimkaribisha chai.

Ua wao ulikuwa na farasi watatu. Wa pili alikuwa Tarumbeta, dume mnene aliyelia kwa kelele. Huyo alivuta mchanga na matofali, akiendeshwa na mdogo wake Mama Mikate wa kiume, ambaye wajenzi walimwita Kijana wa Mchanga ingawa alikuwa na mvi mbili tatu. Wa tatu alikuwa Kimya, farasi mzee aliyekonda tangu zamani, wa kazi ndogondogo, kama kuleta majani na maji.

Na mwenye ua? Mwenye ua alikuwa baba yao, Mzee Mizani. Aliitwa Mizani kwa sababu alipenda haki kuliko alivyopenda kula. Kitu kikiingia nyumbani kwake lazima kigawanywe sawa kwa sawa. Siku moja aligawa yai moja la kuchemsha kwa watoto wanne, akilikata kwa uzi wa kushonea, na hakuna aliyelalamika. Hadithi ya yai lile ilisimuliwa mpaka sokoni, na mzee alikuwa akiisikiliza kila mara kama hajapata kuisikia.

Farasi nao aliwagawia hivyo hivyo. Kila baada ya miezi miwili, familia ilinunua bomba moja la dawa ya minyoo, ile laini kama dawa ya meno. Mabomba matatu yangewatoboa mfuko. Basi mzee alilikamua bomba lote ndani ya bakuli, akakoroga na molasi, akachota kwa kijiko kilekile na kuweka katika ndoo tatu zenye pumba. Sehemu tatu, sawasawa. "Hapa hakuna mtoto wa kambo," alipenda kusema. Wanawe walimtazama kwa fahari. Na wewe unayesoma, sema kweli, ungempinga?

Lakini Shaba akaanza kukonda.

Alikula vizuri, tena sana. Majani aliyapitisha kama mashine ya kusaga, lakini mwili haukuona faida. Mbavu zikatokeza. Tumbo likaning'inia. Manyoya yake mekundu yakapauka. Mama Mikate aliyapiga brashi mpaka mkono ukauma, wala hayakung'aa.

Asubuhi moja, mwoka mikate aliyempa mzigo kila siku alitoka chumba cha tanuri akijifuta unga mikononi. Alimzunguka Shaba mara moja. Halafu akamwita Mama Mikate pembeni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwani alizoea kusema kila kitu palepale mbele ya watu.

"Mama Mikate, sisi tumetoka mbali," alisema. "Lakini wateja wananisema. Jana mama mmoja kaniuliza kama farasi huyu halishwi. Kasema mkate unaovutwa na mifupa haupiti kooni."

"Anakula kuliko mimi na wewe pamoja," alijibu Mama Mikate.

"Nakuamini. Ila kuna kijana mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, kila siku yuko hapa anaomba kazi hii. Nakupa miezi miwili. Mpaka hapo mpakie nusu ya mzigo, uje mara mbili. Akirudi kuwa Shaba ninayemjua, kazi ni yako. Asiporudi, usinilaumu."

Mama Mikate aliitikia, akapanda garini. Njia nzima hakumsalimu mtu. Wateja walichukua mikate yao wakatazamana, maana walizoea kelele zake.

Nyumbani alimkuta mdogo wake anamfungua Tarumbeta. Alimweleza yote.

"Dada, usikasirike," alisema mdogo wake. "Tumuuze Shaba mapema, kabla hajazidi kukonda. Tununue mwingine."

"Tumuuze kwa nani? Kwa anayenunua mifupa?"

"Nasema tu."

"Basi usiseme tu. Huyu simuuzi. Kazi ikienda, yeye atakwenda kwa nani? Atavuta mawe mpaka aanguke."

Mzee Mizani alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona mkanda wa ngozi. Aliweka sindano chini. "Kanunue dawa nyingine," aliamua. "Labda hii imeshazoeleka. Badilisha aina."

"Baba, nimeshabadilisha mara tatu," alisema Mama Mikate. "Ya kwanza ilikuwa na picha ya farasi mweupe. Ya pili, farasi anaruka. Ya tatu, mama na mtoto. Bado ni yale yale."

Usiku ule Mama Mikate alipiga moyo konde. Kesho yake, baada ya kugawa mikate, hakwenda dukani. Alikwenda ofisi ya mifugo. Aliona haya kidogo, maana yeye ndiye watu waliyemuuliza mambo ya farasi. Lakini kuuliza si ujinga, na haya haimnenepeshi farasi.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, aliyevaa mabuti ya mpira hata mezani. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Mmewahi kupima choo chao?"

"Kukipimaje? Kwa kilo?"

Daktari alicheka. "Hapana, mama. Kwa darubini. Minyoo ya farasi hukaa tumboni na kutaga mayai. Mayai hutoka na choo. Mimi nikiyaona na kuyahesabu, nitajua nani ana mengi na nani hana. Bila hivyo tunapiga risasi gizani."

"Lakini mwenye minyoo si anaonekana? Ni huyu aliyekonda."

"Wakati mwingine. Wakati mwingine mnene ndiye anayemwaga mayai, na mwembamba ana tatizo jingine kabisa. Macho yetu hayafiki tumboni. Niletee choo cha wote watatu. Kiwe kibichi, cha leo leo. Kila mmoja mfuko wake, ufunge vizuri, uandike jina. Kisikae juani."

"Na gharama?"

"Kuwapima wote watatu ni rahisi kuliko bomba moja la dawa."

Asubuhi iliyofuata watu waliosubiri ofisini na mbuzi wao walimwona Mama Mikate akiingia na mifuko mitatu kifuani, kama mtu aliyebeba zawadi. Mwenye mbuzi mmoja alisogea ampishe akae karibu.

"Mama, leo umetuletea mikate?" aliuliza.

"Ya moto kabisa," alisema Mama Mikate. "Chagua wako."

Yule bwana alichungulia, akarudi kwenye kiti chake, na wenzake walimcheka mpaka zamu yake ilipofika.

Mchana wake, daktari alifika uani na majibu. Alimwamkia mzee kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Karibu. Tuambie, Shaba ana minyoo?"

"Anayo, tena mingi. Lakini hayuko peke yake." Daktari alimgeukia Tarumbeta, aliyekuwa akitafuna majani bila wasiwasi wowote. "Huyu bwana mkubwa ana mayai mengi kumzidi Shaba."

Kijana wa Mchanga aliacha ufagio. "Tarumbeta? Huyu mnene hivi?"

"Huyu huyu. Mwili wake umeivumilia. Lakini kila siku anamwaga mayai kwenye kiwanja mnacholishia. Mayai yanakuwa vijinyoo, vijinyoo vinapanda kwenye majani, na Shaba anakula majani hayo. Mnampa dawa leo, kesho anaokota mingine."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mzee polepole. "Na Kimya? Yule mbavu zake zinaonekana zaidi ya wote."

"Kimya mayai yake ni machache sana. Hahitaji dawa sasa." Daktari alimkamata Kimya kichwa kwa upole, akamfungua mdomo na kuingiza kidole pembeni. "Tazama hapa. Meno yameota ncha kali. Yanamkata mashavu, hawezi kutafuna sawasawa. Nitakuja na tupa niyasawazishe. Mngemmiminia dawa ya minyoo mpaka mwisho wa dunia, asingenenepa."

Mzee alikunja uso. "Daktari, ngoja kwanza. Dawa ikinunuliwa hapa, wote wanapata. Nimnyime Kimya? Mzee mwenzangu?"

"Humnyimi, mzee. Unamwepusha na dawa isiyomhusu leo. Tutampima tena baadaye, na siku yake ikifika atapewa yake kamili. Sasa naomba nione mnavyowapa."

Mama Mikate alileta bomba jipya, la aina ileile ya picha ya mama na mtoto, lililonunuliwa kwa zamu ijayo na halijafunguliwa. Alileta pia maganda mawili ya zamani. Mzee alileta bakuli na kijiko. Alieleza utaratibu wake wote, molasi mpaka pumba, na alieleza kwa fahari. Daktari hakumkatiza. Mzee alipomaliza, daktari aliyapanga mabomba yale matatu juu ya benchi.

"Mama Mikate, achana na hizi picha. Nisomee haya maandishi madogo. Hapa kuna jina la dawa yenyewe."

Mama Mikate aliinama, akasoma la kwanza. Akasoma la pili. Sauti yake ikapungua. Akasoma la tatu.

"Ni jina moja," alisema. "Yote matatu."

"Ndiyo. Viwanda tofauti, dawa ileile. Ni mtu mmoja aliyebadilisha shati. Ukitaka kubadilisha dawa, tazama jina hili, wala usitazame farasi aliyechorwa. Na usibadilishe kwa kubahatisha. Uliza kwanza."

Kisha akafungua mkoba, akatoa utepe wa kupimia farasi, wenye alama za kilo. Aliuzungusha kifuani mwa Shaba, nyuma ya miguu ya mbele, akausoma. "Kilo mia mbili na sabini." Akampima Tarumbeta, aliyevuta pumzi kwa makusudi wakangoja aitoe. "Mia tatu na kumi. Na Kimya, mia mbili na hamsini."

"Hawa ni wadogo kumbe," alisema Kijana wa Mchanga.

"Wana nguvu, lakini ni wadogo. Sasa mzee, hapa kwenye bomba pameandikwa linatosha kilo mia sita."

Mzee Mizani alilichukua bomba, akalisogeza karibu na macho. Midomo yake ilicheza. Huyu hakuwa mtu wa kufundishwa kugawanya.

"Mia sita kwa farasi watatu," alisema, "kila mmoja anapata ya kilo mia mbili." Alimtazama Shaba, halafu Tarumbeta. "Na hakuna hata mmoja wa kilo mia mbili."

"Hakuna, mzee."

"Basi hakuna aliyewahi kupata dawa ya kumtosha. Tena nyingine ilibaki kwenye pumba, imeganda ndooni."

Daktari alisema kwa upole, "Mzee, wengi hufanya hivyo. Ila ni vizuri mjue ubaya wake. Dawa ikiwa pungufu, minyoo dhaifu hufa. Yenye nguvu hubaki hai, na hiyo ndiyo inayozaa. Mwaka baada ya mwaka mnabaki na minyoo ambayo dawa hii haiisumbui tena."

Mzee alikiweka kijiko chake ndani ya bakuli. Mama Mikate aliona uchungu kumtazama. Baba yake hakuwahi kumpunja mtu wala mnyama.

"Miaka yote hii," alisema mzee mwishowe, "nilidhani natibu farasi. Kumbe nilikuwa nasomesha minyoo."

Mama Mikate alicheka kabla hajajizuia. Mzee alimtazama kwa ukali, halafu naye akacheka, na daktari akapata nafasi ya kucheka bila kuvunja adabu.

"Tufanye nini, daktari?" aliuliza Mama Mikate. "Mabomba matatu hatuyawezi. Nikwambie ukweli wangu."

"Na nani kakwambia ununue matatu? Hili rudisha dukani, halijafunguliwa. Nitakuandikia dawa ya aina nyingine, inayofaa kwa farasi wenu. Nunua bomba moja, nalo ni la kilo mia sita vilevile. Shaba mia mbili na sabini, Tarumbeta mia tatu na kumi. Mzee, inakuwa ngapi?"

"Mia tano na themanini," alisema mzee palepale. Akanyoosha mgongo. "Linatosha. Bomba moja linatosha, na linabaki kidogo."

"Linatosha kwa sababu tumepima nani anahitaji, na anahitaji kiasi gani. Mlikuwa mnanunua kila miezi miwili. Sasa mtapima kwanza, na huenda mkanunua mara mbili tu kwa mwaka. Hela inayobaki ni ya chakula."

Waliinunua siku ileile. Mzee alidai awape kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Daktari alimwonyesha kwanza. Mdomo wa farasi uwe mtupu, usiwe na majani. Kwenye kijiti cha kusukumia dawa, chenye alama za kilo, kuna pete. Izungushe mpaka kilo za farasi huyo. Ingiza bomba pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, ukamulie nyuma juu ya ulimi. Inua kichwa kidogo mpaka ameze. Pangusa bomba, usogeze pete mbele kutoka hapo ilipofika, kwa kilo za farasi wa pili.

Shaba alimeza kama mtoto mtiifu. Tarumbeta alijaribu kutema, mzee akamwinua kidevu. "Meza, wewe," alimwambia. "Leo ni haki yako kamili." Akatazama bomba lililobakiwa na dawa kidogo tu kwa macho ya mtu aliyemaliza kazi iliyonyooka.

Ilibaki kazi ya kiwanja. Daktari alikuwa amewaambia waokote choo cha farasi mara mbili kwa juma au zaidi, kabla vijinyoo havijatoka na kupanda majani. Wasikitawanye kibichi penye malisho. Wakirundike mbali, kioze vizuri, ndipo kiwe mbolea. Mama Mikate alidhani hiyo kazi itamwangukia yeye. Lakini alfajiri alisikia toroli ikilia kwik-kwik. Alichungulia akamwona baba yake na koleo, akipita mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia.

"Baba, acha, tutafanya sisi."

"Nyinyi mna magari ya kuendesha. Mimi nina hesabu ya kurekebisha na hii minyoo."

Baada ya majuma mawili, Mama Mikate alipeleka tena mifuko ofisini. Daktari aliangalia kwenye darubini, kisha akampisha naye aangalie. Mayai yalikuwa karibu yameisha. "Dawa imefanya kazi," alisema daktari. "Kipimo hiki cha pili ndicho kinachotuhakikishia. Wengi hukiruka, halafu hawajui kama walitupa hela."

Shaba hakunenepa kwa siku moja, na mtu akikuambia farasi wake alinenepa kwa siku moja, usinunue kitu kwake. Lakini mwezi wa kwanza mbavu zilianza kujificha. Mwezi wa pili tumbo lilipanda mahali pake, na manyoya yakarudia wekundu ule wa zamani. Kimya naye, baada ya kusawazishwa meno, alitafuna mpaka akaanza kuiba majani ya wenzake. Kijana wa Mchanga hakutaja tena habari ya kuuza. Kila jioni yeye ndiye aliyemchotea Shaba pumba za ziada, akidhani dada yake hamwoni.

Siku ya miadi ilipofika, Mama Mikate alimpiga Shaba brashi mpaka ukiupitisha mkono hausikii vumbi. Mzee Mizani alivaa koti lake la kutokea. Alisema anakwenda tu kunyoosha miguu, lakini alipanda garini kabla ya kila mtu.

Mwoka mikate alitoka nje, unga mikononi. Alimzunguka Shaba mara ya kwanza. Akamzunguka mara ya pili. Aligusa mbavu, akazitafuta kwa vidole. Shaba aligeuka akamnusa unga mfukoni.

"Huyu ndiye Shaba ninayemjua," alisema mwoka mikate. "Pakieni mzigo mzima. Na yule kijana wa pikipiki akija, nitamwambia mahali pameshajaa." Kisha akamuuliza Mama Mikate kwa sauti ya chini, "Mlimpa nini?"

"Muulize baba," alisema Mama Mikate. "Yeye ndiye aliyempa."

Mzee alishuka garini akamweleza. Alieleza choo na darubini, utepe na kilo, jina dogo kwenye bomba, na pete ya kijiti. Hakuficha bakuli wala kijiko. Wapakiaji mikate waliacha kazi wakasikiliza. Mmoja wao alikuwa na shemeji mwenye farasi wanne na bomba moja, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo. Mzee alimweleza tena tangu mwanzo.

Walipomaliza kugawa mikate, gari likiwa tupu na jua limepanda, nyumbani kulikuwa karibu. Ilibaki kukata kushoto tu na kupita uchochoro. Mama Mikate alivuta hatamu kulia, wakaingia barabara kubwa ya maduka, mahali watu walipojaa. Shaba aliinua kichwa, shingo ikapinda, na mwanga ukateleza mgongoni mwake. Muuza viatu alisimama kutazama. Wanawake wawili waliokuwa wakipatana bei wakanyamaza.

"Mwanangu," alisema Mzee Mizani, "mbona tunazunguka? Nyumbani si huku."

"Nataka wamwone, baba."

Mzee alitazama huku na huku. Akafunga vifungo vya koti, akaweka kofia sawa.

"Basi punguza mwendo," alisema.